Gesi joto kutoka kwenye tangi la choo: maswali na majibu

Je, tangi la choo hutoa gesi gani?

Ukifunua tangi la maji taka, ambalo mafundi huliita septiki, kwanza utaona utando mzito wa kahawia ulioganda juu ya maji, na kila baada ya muda kiputo hupanda kutoka chini, kikautoboa na kupasuka. Kinyesi kinapotuama kwa miezi na miaka mahali pasipo na oksijeni, bakteria wasiohitaji hewa hukivunjavunja, na kazi yao huishia kwenye methani na hewa ukaa. Methani haina rangi wala harufu. Harufu ya yai viza inayotukera ni ya haidrojeni salfaidi, ambayo huzalishwa humo humo.

Je, gesi ya vyoo ina uzito wowote katika mabadiliko ya tabianchi?

Inao, tena mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kilo moja ya methani hupasha dunia joto takriban mara 27 zaidi ya kilo moja ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, na takriban mara 80 kwa miaka 20. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu jiji la Kampala ulifuatilia kinyesi kuanzia chooni hadi kwenye mitambo ya kusafisha, ukakadiria gesi joto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, zinazolingana na tani 189,000 za hewa ukaa kwa mwaka, kiasi ambacho huenda kikawa zaidi ya nusu ya gesi joto zote za jiji hilo. Asilimia 49 ilitokana na kinyesi kukaa muda mrefu ndani ya matangi yaliyofungwa, na asilimia 31 ilitoka kwenye mitambo yenyewe, ambako methani haikukusanywa. Namba hii ya pili isipitwe haraka, kwa sababu inaonyesha kwamba mwenye nyumba anaweza kutimiza wajibu wake wote na gesi bado ikapotelea angani mbele ya safari.

Je, turudi kwenye vyoo vya shimo, au tuache matangi?

Hapana. Choo kikavu cha shimo hutoa methani kidogo pale tu ambapo maji ya ardhini hayakifikii, na kinyesi kilichozagaa huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Tangi libaki, ila litunzwe.

Je, gesi hizi zinaweza kuua?

Ndiyo, na wanaokufa mara nyingi ni vijana waliolipwa kushuka shimoni na ndoo. Haidrojeni salfaidi ikizidi hulemaza pua, hivyo mtu hudhani harufu imekwisha ilhali ndipo hatari imekuwa kubwa zaidi, na huweza kuzimia papo hapo. Mwenzake akiruka kumwokoa, huanguka naye. Tafadhali, asishuke mtu yeyote. Aliyeanguka aitiwe zimamoto wenye vifaa vya kupumulia. Vilevile usichungulie tangi kwa kiberiti wala sigara, kwani methani ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa hulipuka kwa cheche ndogo.

Je, nikiziba bomba la hewa nitapunguza gesi?

Hutapunguza. Bomba halizalishi gesi, bali huipitisha juu ya paa, mbali na pua zetu. Ukiliziba, gesi itatafuta njia ya kurudi chooni.

Mwenye nyumba afanye nini basi?

Aite gari la kunyonya kila baada ya miaka 3 hadi 5, au mapema zaidi tope likifikia theluthi ya tangi, kwa sababu tope linalolimbikizwa ndilo chakula cha bakteria hao. Kabla ya kulipa, amuulize dereva anakwenda kumwaga wapi, na asikubali jibu lolote lisilotaja mahali panapotambuliwa na mamlaka ya maji. Asingoje masika ili atapishe choo mtaroni, kwa maana kinyesi hicho hupita mbele ya milango ya majirani na kuingia visimani. Penye shule, soko au zizi la ng'ombe, mtambo wa biogesi, unaokusanya methani ya kinyesi ili itumike kupikia, unafaa zaidi, mradi usivuje, kwani methani ikiwaka jikoni hugeuka kuwa hewa ukaa na maji, na sufuria ya maharage huiva bila gunia la mkaa.