Waliolala Nyabyeya Si Wajerumani, na Hakuna Dhahabu

"Mwalimu, hao Wajerumani walizikwa na nini?" Juma lililopita nimeulizwa tena, safari hii na kijana aliyefika kwa boda akiwa na kifaa cha kutafutia madini mgongoni. Kazi yangu hapa Masindi, magharibi mwa Uganda, ni kuwatembeza wageni kwenye makaburi ya kale na kuzisaidia familia kutafuta walipolazwa wazee wao. Maswali ya kweli sichoki nayo, hata yakirudiwa. Hili la dhahabu limenichosha, na naliandikia leo ili anayepanga safari na jembe asome kwanza.

Wanachosema ni hiki: "Makaburi ya Nyabyeya ni ya Wajerumani, na chini yake kuna dhahabu au zebaki."

Mjerumani hajawahi kutawala Bunyoro, ufalme wa huku kwetu. Mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliiweka Uganda upande wa Mwingereza, na Mjerumani akabaki na Tanganyika. Bunyoro yenyewe iliingizwa katika himaya ya Uganda mwaka 1896, chini ya bendera ya Uingereza. Hizo hadithi za mali ya Mjerumani zimetoka kusini, zikavuka mpaka na watu, na sasa zinabandikwa kwenye kila jiwe lenye jina la kizungu.

Waliolala pale ni Wapolandi, wakimbizi wa Vita vya Pili vya Dunia, na wengi wa wakimbizi hao walikuwa wanawake na watoto. Septemba 1939 Polandi ilivamiwa pande mbili, magharibi na Ujerumani, mashariki na Urusi ya Kisovieti. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti waligonga milango ya watu wa mashariki, wakapakia familia nzima kwenye mabehewa na kuzipeleka Siberia na Kazakhstan kukata miti na kufanya kazi za sulubu. Mwaka 1941 Hitler aliposhambulia Urusi, mambo yakageuka: Wasovieti wakapatana na serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni, na waliobaki hai wakaruhusiwa kuondoka. Mwaka 1942 maelfu yao walivuka bahari ya Kaspi hadi Iran, wamekonda, wana homa na kuhara. Wanaume wenye umri wa kupigana waliingia jeshi la Jenerali Władysław Anders, lile lililopigana Monte Cassino kule Italia mwaka 1944. Mama zao, wake zao, watoto na mayatima wakabaki bila pa kwenda, na Uingereza ikawatawanya katika makoloni yake.

Uganda ilipokea watu wapatao 7,000. Kambi zilikuwa mbili: Nyabyeya, pembeni mwa msitu wa Budongo, na Koja, ufukweni mwa ziwa kule Mukono. Wa Nyabyeya walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi Namasagali, wakavuka Kyoga kwa meli hadi Masindi Port, halafu lori. (Vijana wa leo hawaamini kwamba Masindi Port palikuwa bandari yenye shughuli. Palikuwa hivyo, mpaka maji yalipojaa miaka ya 1961 na 1962 na meli zikakoma.)

Sasa nielezeni hiyo dhahabu ilitoka wapi. Mtu ametolewa nyumbani usiku, amelala ndani ya behewa kwa majuma, ameuza koti na pete apate unga wa mtoto, amevuka bahari mbili. Alifika Budongo na kikapu cha nguo. Akafa kwa malaria au kwa mwili uliokwisha choka, na wenzake wakamchongea jina. Huyo ndiye unayetaka kumfukua! Na kumwita Mjerumani ni kumtukana maiti, kwa sababu Ujerumani ndiyo iliyoanzisha vita vilivyomfukuza kwao.

Kile kifaa nacho kitalia, ndiyo. Kitalia kwa misumari ya jeneza, kwa kishikio chake, kwa msalaba mdogo wa chuma. Watu wamechimba kwa sababu ya mlio huo, wakapata mifupa na kutu. Tena Kanuni ya Adhabu ya Uganda inahesabu kuingilia mahali pa maziko kuwa kosa la jinai, kwa hiyo usije ukaniambia hukujua.

Ukitaka hazina ya pale, soma mawe. Kwenye makaburi ya Kipolandi "ur." hutangulia tarehe ya kuzaliwa na "zm." hutangulia tarehe ya kufariki. Toa ya kwanza kwenye ya pili, halafu kaa kimya kidogo. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limeinama, herufi zilizofutika zitajitokeza zenyewe kwa kivuli chake. Piga picha wakati huo. Nawasihi, msipake chokaa, msisugue kwa brashi ya waya, msijaze unga wala chaki kwenye maandishi. Maji safi na brashi laini vinatosha. Jiwe lililosuguliwa na mtu mwenye nia njema limepotea sawa na lililovunjwa na mwizi.

Maandishi hayo yana watu wanaoyahitaji. Kambi ilifungwa mwaka 1948. Baadhi walipelekwa Koja, wengine Tengeru kule Tanganyika, na baadaye wengi wakaishia Uingereza, Kanada na Australia, wengine wakarudi Polandi. Wajukuu bado wanakuja kutafuta kaburi la bibi. Kanisa la mawe walilolijenga, la Bikira Maria Malkia wa Polandi, bado lina misa, na Wakatoliki wa pale wanaweza kukueleza haya yote bila kukudai shilingi.

Madai mengine ya uongo juu ya makaburi nayapitia haraka.

Kabalega, mfalme wa Bunyoro, hakuzikwa Shelisheli. Alikamatwa pamoja na Mwanga, mfalme wa Buganda, huko Kangai, Lango, tarehe 9 Aprili 1899, akapelekwa uhamishoni, na mwaka 1923 akaruhusiwa kurudi. Alifia njiani, Mpumudde pale Jinja, tarehe 6 Aprili, na kaburi lake liko Mparo, Hoima. Aliyefia Shelisheli ni Mwanga, mwaka 1903, na yeye pia alirudishwa mwaka 1910 akazikwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda.

Wala si kweli kwamba Abakama, yaani wafalme wa Bunyoro, wote wako Mparo. Pale yuko Kabalega na mwanawe Tito Winyi wa Nne. Makaburi mengi ya waliotangulia yako Mubende, Buyaga na Bugangaizi, maeneo ambayo Waingereza waliyakabidhi kwa Buganda miaka ya 1890. Mtu asiyelijua hili hawezi kuelewa kwa nini Wanyoro walilia kwa miaka 70 juu ya kaunti zile. Walikuwa wakidai ardhi, na walikuwa wakidai wafalme wao. Kura ya maoni ya Novemba 1964 ilirudisha Buyaga na Bugangaizi. Mubende haikurudi.

Samuel Baker, mpelelezi Mwingereza, hakufia Masindi. Alipigana hapa mwaka 1872, akarudi nyuma, akafia kwao Uingereza mwaka 1893.

"Murchison, ile hifadhi ya wanyama, lilikuwa pori tupu tangu zamani." Hapana. Watu waliishi huko. Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa sababu ya ugonjwa wa malale, eneo likafanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1910 na hifadhi ya taifa mwaka 1952. Makaburi yao hayakuhamishwa.

Na hili la "pasipo saruji hapana kaburi" ndilo linalotupotezea mengi mashambani. Saruji vijijini ni jambo la juzi. Kaburi la zamani ulitafute kwa rundo la mawe, kwa mti uliopandwa mahali pasipo na sababu ya mti, kwa ardhi iliyobonyea kidogo ambayo mvua hutuama. Kabla ya kuleta trekta ya kulimia miwa, tembea shamba na mzee wa ukoo, naye aonyeshe kwa fimbo.

Kuna wanaosahihisha kosa hilo kwa kosa lingine: wanamwaga saruji upesi juu ya babu, wakidhani kaburi ni hati ya ardhi. Mahakama hulipokea kaburi kama ushahidi kwamba ukoo ulikaa pale, lakini ushahidi si hati. Kwa ardhi ya kimila, Sheria ya Ardhi ya 1998 imeweka hati ya umiliki wa kimila, na maombi yake huanzia kwa kamati ya ardhi ya eneo lenu. Kamati ikija kukagua, waonyesheni makaburi yachorwe kwenye ramani, na majina ya waliolala yaandikwe wazee wangali hai kuyataja.