Mrejesho wa mwisho wa kampeni: kusubiri "ila"

Neno "kampeni" hapa Dar es Salaam lina balaa lake. Nikimwambia jirani yangu kwamba Jumamosi tunamaliza kampeni, ananiuliza nagombea nini, udiwani au uenyekiti wa mtaa. Basi nianzie hapo. Katika michezo ya kuigiza wahusika mezani, kampeni ni hadithi moja ndefu inayochezwa na watu walewale, kikao baada ya kikao, kwa miezi na wakati mwingine miaka. Mmoja wao ndiye mwendesha mchezo: anaeleza mahali, anawasemea wafalme, majambazi na wauza samaki, na sheria ikileta ubishi yeye ndiye anayekata shauri. Wengine kila mtu ana mhusika wake mmoja. Jambo lenye mashaka huamuliwa kwa dadu, na inayojulikana zaidi ni ile ya pande 20. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974.

Mrejesho wa mwisho wa kampeni ni yale ambayo wachezaji humrudishia mwendesha mchezo hadithi ikishaisha: kipi kimewakaa moyoni, kipi kiliwachosha, kipi walikisubiri mpaka mwisho kisije.

Watu wengi hulichanganya na maoni, na mimi naona ni vitu viwili. Mrejesho umetoka kwenye kurejesha, kwa hiyo lazima kuna kitu kilitolewa kwanza. Maoni mtu anaweza kuyatoa hata juu ya mechi ya Simba na Yanga ambayo hakuitazama. Na mnayajua yale masanduku ya maoni yaliyotundikwa kwenye kuta za maofisi, kufuli limeshika kutu na ufunguo alihama nao mtu. Mrejesho una mwenyewe anayeusubiri.

Upo pia mrejesho wa kikao, mfupi, wa dakika tano kabla watu hawajafunga daftari zao. Kuna mbinu inayotumiwa na meza nyingi huko nje, jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "nyota na matakwa": kila mtu anataja kitu kimoja kilichompendeza na kimoja ambacho angetaka kukiona kikao kijacho. Inafaa sana, ila inatazama mbele. Kampeni ikishaisha hakuna kikao kijacho cha kurekebisha, na hapo ndipo mrejesho wa mwisho unapata sura yake ya peke yake. Mhusika wako ameshakufa au ameshakuwa sultani. Unaweza kuitazama njia nzima mlikotoka, na unaweza kusema jambo ambalo mwezi wa tatu lingeharibu mchezo.

Wapo wanaodhani kazi hii ni ya dodoso: nyota moja hadi tano, unajumlisha, unagawanya. Dodoso lina mahali pake. Kampuni ya Wizards of the Coast ilipokuwa inaandaa toleo la tano la Dungeons & Dragons, ilitoa sheria za majaribio kwa umma kuanzia 2012, ikakusanya majibu ya wachezaji kwa dodoso, na toleo lenyewe likatoka 2014. Umati ukilalamikia sheria ileile, hiyo ni habari. Lakini mezani kwangu Sinza walikuwa watu watano. Wastani wa nyota nne kwa watu watano unaniambia nini? Kwamba wamenilea vizuri, basi.

Na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Sisi tuna namna yetu ya kujibu. Mtu akiulizwa habari za nyumbani anajibu nzuri, hata kama ametoka kulala hospitali na mgonjwa. Hadanganyi, ndivyo mlango unavyofunguliwa. Anasema nzuri, mnaulizana za kazi, za watoto, kisha linakuja lile neno dogo: "ila mama hajambo kidogo tu, tangu juzi…" Habari yenyewe iko baada ya "ila". Mwendesha mchezo anayeuliza "kampeni mmeionaje?" na akaridhika na "poa sana, kaka" amepokea salamu akadhani ni mrejesho. Nilifanya hivyo kampeni yangu ya kwanza. Dadu ya mwisho ilirushwa saa tatu usiku, umeme umekatika, tunaangaziana kwa tochi za simu, watu wanapiga makofi. Nikauliza pale pale. Wote wakasema ilikuwa moto. Nikaanza kampeni ya pili kwa mtindo uleule, na kufika kikao cha nne nilikuwa nimebaki na watu watatu.

Kwa hiyo usiulize usiku huohuo. Furaha bado ni mbichi, tena kuna mtu wa Mbagala anawaza gari, na mwenye njaa hana fasihi. Usikae mwezi pia, maana kitakachobaki ni pambano la mwisho peke yake, kama vile miezi kumi na minne ilikuwa jioni moja. Siku tatu hadi wiki, kwa uzoefu wangu, ndiyo kipimo. Mtu ameshaisimulia hadithi kwa mwenzake kazini au kwenye daladala, na namna alivyoisimulia ni mrejesho tosha. Ndiyo maana swali langu la kwanza siku hizi ni hilo: ukimhadithia mtu ambaye hakuwepo, umemhadithia kipi? Dada aliyecheza mganga alinijibu kwamba humhadithia mdogo wake juu ya muuza kahawa. Muuza kahawa! Nilimtunga kwa sekunde kumi ili kujaza barabara, huku yule jini wa baharini niliyemwandikia kurasa sita hakutajwa na mtu hata mmoja.

Swali la pili nililonalo ni: ni wakati gani ulishika simu? Hili linamtoa mtu kwenye hukumu na kumpeleka kwenye tukio. Kumwambia mwenyeji wako "hadithi yako inachosha" ni utovu wa adabu, na aliyekula chapati zako hataweza. Kusema "pale mlipokuwa mnapatana bei na nahodha nilikuwa naangalia matokeo ya mpira" anaweza, tena atacheka. Ujumbe ni uleule. Kila swali la mrejesho lililonisaidia limekuwa la namna hii, linalouliza kilichotokea na kuacha uzuri na ubaya wake bila kutajwa. Mhusika wako alitaka nini ambacho hakukipata? Kuna kitu nilikitaja mwanzoni ukasubiri kirudi hakikurudi?

Njia ya kuulizia nayo ina mambo yake. Grupu la WhatsApp ni mahali pabaya kuliko pote. Wa kwanza kujibu ndiye anayeweka wimbo na wengine wanaitikia kibwagizo. Akituma mioto mitatu, inafuata mioto kumi na mbili. Karatasi zisizo na majina zinachekesha tu, kwa sababu kwa watu watano kila mwandiko una mwenyewe. Kilichonifaa ni ujumbe wa sauti, kila mtu kwangu faragha. Watu wa mji huu wana muda mrefu kwenye foleni, na mtu aliyekwama Ubungo akibonyeza kitufe cha kurekodi ataongea dakika saba. Dakika mbili za kwanza ni nzuri, asante, hongera. "Ila" inafika kwenye ya tatu hivi. Usimkatishe kwa kumwandikia "asante sana" mapema.

Ukishaisikia, usijitetee. Hapa nashindwa bado. Mtu akisema pambano la ngomeni lilikuwa refu mno, kitu cha kwanza kinachonijia ni kumweleza kwamba sheria ndivyo zilivyo na dadu zilituchezea. Nikishaeleza, nimemfundisha kwamba kila atakachosema kitajibiwa, na hasemi tena. Jibu ni asante, na labda "nieleze kidogo hapo pa ngomeni".

Kuna mrejesho mwingine ambao haumhusu mwendesha mchezo, nao ndio mgumu kuliko yote: wa wachezaji wao kwa wao. Tulikuwa na kaka mmoja aliyetuzidi umri kwa mbali. Wawili kati yetu walikuwa wanamwamkia shikamoo mlangoni kabla ya kukaa kuwa majambazi pamoja naye. Mtu mzuri, mwepesi wa kununua soda, lakini alikuwa akiwajibia wenzake. Mwendesha mchezo anamuuliza mchezaji mwingine mhusika wake anafanya nini, yeye anasema "huyu anapanda ukuta". Wanne walinitajia jambo hilo faragha, na hakuna hata mmoja ambaye angemwambia usoni. Kumpelekea maneno ya watu kungekuwa umbeya, na kunyamaza kungekuwa kuwatupa wale wanne. Nilichofanya ni kuligeuza liwe sheria ya meza kwa kampeni inayofuata: kila mtu anamsemea mhusika wake tu, pamoja na mimi mwenyewe. Niliisoma kwenye kikao cha maandalizi pamoja na sheria nyingine za muda na michango ya chakula. Alitikisa kichwa akasema hiyo ni nzuri, itawasaidia vijana waongee. Sijui kama aliigundua. Nadhani aliigundua.

Usiwasahau walioondoka njiani. Desturi ni kuwauliza waliofika mwisho, yaani wale ambao mchezo uliwafaa. Mmoja wetu alitoka mwezi wa tano akasema kazi zimembana, na sote tukaamini. Nilimtafuta baada ya kampeni kuisha, nikamuuliza yale maswali yaleyale. Kazi kweli zilimbana. Ila mhusika wake alikuwa amefungwa gerezani kwa vikao vitatu mfululizo kwa sababu kundi lilikuwa linahangaika na jambo jingine, na yeye alikuwa anatoka Tegeta kila Jumamosi kuja kula karanga na kutusikiliza. Sikuwa nimeliona. Kwenye daftari langu gereza lile lilikuwa limeandikwa kama tukio zuri.

Mwisho wa yote, wachezaji warudishiwe walichokisema. Haihitaji hotuba. Mimi hutuma ujumbe mmoja wenye mambo mawili au matatu nitakayoyabadilisha, na moja ambalo nimeambiwa lakini nitaliacha kama lilivyo, pamoja na sababu yake. Hilo la kuliacha watu hulipenda kuliko yote, sielewi kwa nini. Labda kwa sababu linaonyesha kwamba lilisikilizwa. Msimu huu lilikuwa la mapatano ya bei. Watu wawili walitaka yapunguzwe. Watatu, akiwemo yule kaka, waliniambia kwamba kukata maneno na nahodha kwa dakika arobaini ndiyo raha yao yote, na kwamba dadu ziwekwe pembeni kabisa pale. Tumekubaliana: biashara inafanyika chai ikiwa inachemka, na anayetaka kutazama mpira atazame.