Vidoa vyeusi kwenye MRI ya kichwa: maswali na majibu

Mama kapigwa MRI, ripoti inasema kuna sehemu ndogondogo damu imevuja kwenye ubongo. Ndo kiharusi hicho?

Si lazima. Kuna kimshipa chembamba kilivuja damu kidogo sana, mara nyingi mwenyewe hata hakusikia kitu, mwili ukaisafisha ile damu ila madini ya chuma yakabaki palepale, na hayo ndo yanaonekana kama kidoa cheusi cha milimita 2 mpaka 10 hivi. Kwa hiyo mara nyingi ni alama ya zamani, pengine ya miaka, sio damu inayomwagika leo.

Mbona siti skani ilikuwa safi?

Siti skani haivioni. Hata MRI yenyewe mpaka wapige picha za kunasa chuma, kwenye ripoti zinaandikwa SWI.

Vinasababishwa na nini?

Hapa soma taratibu, maana mahali kidoa kilipo panasema mengi. Vikiwa ndani kabisa, kwenye thalamasi au shina la ubongo, mshukiwa wa kwanza ni presha ya muda mrefu. Vikiwa pembeni tu, karibu na gamba la ubongo, na mtu ni mzee, madaktari wanafikiria protini ya amiloidi iliyojazana kwenye kuta za mishipa. Amiloidi hiyo inahusika pia na Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, ndo maana kabla ya kuanzishiwa dawa za Alzheimer za kuondoa amiloidi, kama lecanemab, mgonjwa anapigwa MRI kwanza, vidoa vikiwa vingi dawa hiyo ni hatari kwake.

Anameza aspirini ya kuzuia damu kuganda, aache?

Asijiamulie! Kama ana stenti ya moyo (kale kabomba ka kuacha mshipa wazi) au alishapata kiharusi cha mshipa kuziba, kuacha ghafla kunaweza kumletea balaa kubwa kuliko vidoa vyenyewe. Kimoja viwili kwa kawaida havizuii dawa. Vikiwa vingi, hasa vya pembeni, daktari atapima upya faida na hatari ya dawa, na kwa warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ndo kabisa. Ila zile dawa za maumivu, diklofenaki, tunazojinunulia dukani kama pipi, hizo zinapandisha presha, azipunguze.

Vitafutika?

Mara nyingi havifutiki, kazi ni kuzuia vipya. Wengi wanalengwa presha chini ya 130/80, chumvi ipungue, na vidonge vya presha vinamezwa hata siku anajisikia mzima kabisa (hapa ndo wengi tunakosea). Akiumwa kichwa kikali cha ghafla, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, hospitali saa hiyohiyo, msisubiri kuche.