Kichwa kipana cha alizeti si mavuno mengi

Wiki iliyopita mkulima mmoja wa Machakos alikuja kuniona hapa Kabete, furaha tele. Kwenye simu alikuwa na picha ya alizeti yenye kichwa kipana kama sinia. "Daktari, tazama mbolea ilivyofanya kazi!" Nikamuuliza, "Mzee, shimo hadi shimo uliacha nafasi gani?" Akasema sentimita 60, na kati ya mstari na mstari sentimita 90.

Kwa nafasi hiyo, ekari hubeba miche kama 7,500. Kwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, ekari ileile hubeba karibu 18,000. Alizeti ikiachiwa uwanja hujitanua, lakini haiwezi kuziba pengo kubwa namna hiyo. Tena kichwa kipana huchelewa kukauka, punje za katikati mara nyingi huwa mapepe, na zile nono za pembeni huwa na ganda nene. Ganda halina mafuta ya kukamuliwa.

Mbolea nayo haitenganishwi na nafasi. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi, ukiugawa kwa miche 7,500, kila shimo linapata karibu gramu 7. Kwa 18,000, hata gramu 3 hazifiki, yaani kama nusu ya kifuniko cha soda. Anayebananisha miche bila kuongeza mbolea anainyima chakula. Vichwa vitakuwa vidogo na mashina membamba. Na kwenye udongo mwekundu kama huu wetu wa Kabete, ambao hushikilia sana fosforasi, usirushe mbolea hiyo ovyo shambani. Itie shimoni, uifunike na udongo kidogo, ndipo uweke mbegu isiungue.

Ninachokihofia zaidi ni CAN, mbolea ya naitrojeni ya kukuzia. Naitrojeni ikizidi, alizeti hurefuka na kulazwa na upepo, halafu ndani ya punje protini hupanda na kiwango cha mafuta hushuka. Gunia litakuwa zito, lakini kila kilo itatoa mafuta machache. Hilo huniuma, kwa sababu mkulima ametumia pesa kujipunguzia kile alichokipandia.

Mahali pa mvua haba kama kwa mzee huyo wa Machakos, sikumshauri akimbilie 18,000. Tulikubaliana agawe kipande kidogo msimu wa vuli: upande mmoja 75 kwa 30, mwingine 75 kwa 45, mbolea sawa kwa kila shimo. Akivuna, akamue kila upande peke yake na kupima mafuta, si vichwa.