Kwa nini mafundi rangi wa magari Los Angeles waliacha thina wakashika maji?

Gari likipigwa rangi, harufu ya thina hukufikia kabla hujaliona gari lenyewe. Rangi ya thina ikishachanganywa tayari kupulizwa, sehemu kubwa yake ni thina. Kazi ya thina ni kuifikisha rangi kwenye bati, kisha inapaa. Bati linabaki na rangi, hewa inabaki na thina.

Sasa Los Angeles ni jiji la jua kali, limezibwa na milima. Mvuke huo ukichangamana juani na moshi wa magari huzaa ozoni, gesi inayochoma mapafu. (Ozoni ya juu sana angani hutukinga na jua, hii ya usawa wa pua ndiyo mbaya.) Kwa hiyo kuanzia Julai 2008 kanuni ya eneo hilo iliwekea rangi za magari kikomo: gramu 420 za kemikali zinazopaa kwa lita, maji yakiwa hayahesabiwi. Umoja wa Ulaya ulishatangulia na kikomo hichohicho mwaka 2007. Rangi za thina za siku zote hazikuweza kukifikia. Za maji, ambazo zina kemikali hizo kidogo tu, zikapita.

Kwa fundi, hapo ndipo kazi ilipobadilika. Thina hukauka yenyewe, lakini maji yanataka upepo. Utamwona ameelekeza kipulizia hewa kwa mshazari kwenye mlango. Rangi mbichi inang'aa kama sakafu iliyotoka kupigwa deki, halafu mng'ao unaanza kufifia, taratibu, mpaka mlango mzima umekuwa mkavu kama ubao wa chaki. Hapo tu ndipo anarudia mkono wa pili. Siku ya unyevunyevu atasubiri zaidi. Bunduki yake ya rangi nayo lazima sehemu zinazopitisha rangi ziwe za chuma kisichoshika kutu, na akiisafisha ovyo, mabaki ya thina yakaingia kwenye rangi ya maji, inaganda mabongemabonge kama maziwa yaliyoharibika.

Kilichohamia kwenye maji, hata hivyo, ni ile rangi yenyewe. Klia inayopigwa juu yake kuleta mng'ao, katika gereji nyingi, bado ni ya thina, tena ina isosianeti, kemikali inayoweza kuwapa mafundi pumu, na huwezi kuitegemea pua ikuonye mapema. Kwa hiyo harufu imepungua, lakini fundi makini bado anaingia chumba cha rangi na barakoa yenye bomba linaloleta hewa safi.