Kwa nini bendera ya kanisa huning'inia badala ya kupepea?

Wakristo wa Unguja ni wachache, lakini maandamano yao ya Jumapili ya Matawi si mageni kwa mkaazi wa Mkunazini au Shangani. Nyuma ya msalaba hufuata bendera za vyama vya waumini: Mtakatifu Yosefu na mtoto Yesu, Mama Maria, Moyo Mtakatifu. Bendera ya taifa hufungwa ubavuni mwa mlingoti. Hizi za kanisa hutundikwa kwenye upau uliokingama juu ya mlingoti, zikashuka wima. Kwa nini?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba upau umewekwa ili pamoja na mlingoti ufanye msalaba. Jibu hilo linapendeza, lakini limegeuza mambo miguu juu. Umbo lile lilikuwapo kabla Kanisa halijawa na bendera yoyote. Lilikuwa la majeshi ya Warumi: mkuki, upau, na kitambaa cha mraba. Katika vitambaa vyao vyote kinachojulikana kusalia ni kimoja, cha kitani chekundu, kilichopatikana Misri. Ni cha karne ya 3, kina upana wa karibu nusu mita, na sasa kimo katika makumbusho ya Pushkin mjini Moscow. Kimechorwa mungu wa kike wa ushindi akiwa juu ya tufe. Kitambaa kimoja hakitoshi kutupa kipimo cha vyote, ila pindo la kupitishia upau bado linaonekana, na chini yamebaki matamvua. Muumini yeyote wa Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu mjini Zanzibar, angeyatambua matamvua hayo mara moja.

Walioona msalaba ndani ya umbo lile walikuja baadaye. Mnamo mwaka 197 Tertullian wa Karthago, mwandishi Mkristo, wakati Wakristo bado wanateswa, aliwaambia wapagani kwamba vitambaa vya bendera zao za vita vinavisha misalaba. Bendera ilikuwa yao. Yeye alisoma ndani yake alichokiamini. Kaisari Konstantino, aliyeshinda vita vya Roma mwaka 312, akaichukua bendera hiyohiyo, akaitia alama ya Kristo. Hata Legio ya Maria, chama cha waumini Wakatoliki kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921, kilifuata bendera ya jeshi la Kirumi kwa makusudi, kikaweka njiwa wa Roho Mtakatifu mahali pa tai.

Basi upau ulikuwa na kazi gani tangu mwanzo? Kazi yake ni kufanya kitambaa kisomeke. Bendera ya ubavuni hufunguliwa na upepo; upepo ukikatika hujikunja, zikabaki rangi tu. Kwa taifa rangi zinatosha. Picha ya mtakatifu na jina la chama havisomeki ndani ya mikunjo. Penye upau, uzito wa kitambaa chenyewe ndio unaokifungua, na bitana na matamvua huongeza uzito huo. Ndiyo maana katika kichochoro cha Mji Mkongwe, kati ya nyumba ndefu zinazozuia upepo, uso wa Yosefu unabaki wazi.

Taabu huanza maandamano yakitokea ufukoni. Hapo upau ni foromali, mti unaobeba tanga la jahazi, na kitambaa ndilo tanga lenyewe. Nahodha wa jahazi anautaka upepo ule. Mbeba bendera hautaki, na hawezi kulitua tanga. Mwendo wa upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne. Kitambaa cha mita 1 kwa mita 1.5, kikikazwa mbele ya upepo wa mita 5 kwa sekunde, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3. Ukifika mita 10, ni kama kilo 11, na zote ziko juu kabisa ya mlingoti, mbali na mikono. Kitambaa kilicho huru huinuka na kuupisha upepo kiasi, kwa hiyo mbebaji hapokei zote. Lakini upande mmoja ukipigwa zaidi, mlingoti humzungukia mikononi. Kamba mbili za ncha za upau, ambazo wengi hudhani ni pambo la kushikwa na watoto, zina kazi yake: kuushika upau usigeuke.

Msimu nao una neno lake. Matawi mara nyingi huangukia maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijakaza. Sikukuu ya Ekaristi, mwishoni mwa Mei au Juni, hukuta kusi imeshaingia, na hapo kamba hizo zinataka watu wazima.