Je, injini ya pikipiki ya mbio inafaa kwa safari ya Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana?

Inafaa, mradi isiwe vile ilivyotoka uwanja wa mbio. Pikipiki kadhaa kubwa za safari zina asili hiyo. Suzuki V-Strom 1000, iliyotoka 2002, ilirithi injini ya TL1000S ya 1997. Ducati Multistrada 1200 ya 2010 ilipata injini ya 1198, na BMW S1000XR ya 2015 ikapata ya S1000RR. Lakini hakuna kiwanda kati ya hivyo kilichohamisha injini bila kuifungua na kuibadilisha kwanza, na sababu iko kwenye valvu.

Katika injini ya mbio, valvu ya kuingiza hewa hufunguka kabla ile ya moshi haijafunga, hivyo kwa muda mfupi zote mbili huwa wazi. Injini ikizunguka mara 10,000 kwa dakika hilo ni faida: moshi unaotoka kwa kasi huvuta hewa mpya nyuma yake na silinda inajaa vizuri. Kwa mizunguko 2,500 moshi hauna kasi hiyo. Sehemu yake hurudi ndani na kuchafua mchanganyiko wa hewa na petroli, na sehemu ya mchanganyiko huo hutoka bila kuungua. Injini inasitasita, kisha inashtuka na kurukia mbele. Kwenye Thika Road utalivumilia. Kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu, mshtuko huo ndio unaotelezesha tairi la nyuma.

Kwenye Ducati 1198 muda huo wa valvu zote kuwa wazi ulikuwa nyuzi 41 za mzunguko wa krankishafti. Kwa Multistrada waliushusha hadi nyuzi 11, ndiyo maana injini ikaitwa Testastretta 11°. Hosipawa zikashuka kutoka 170 hadi 150. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko hosipawa zozote 20 ambazo wangeziongeza. Multistrada V4 ya 2021 ilifuata njia hiyohiyo: ilitokana na injini ya Panigale V4, pikipiki ya mbio ya Ducati, kipenyo cha silinda kikapanuliwa kutoka milimita 81 hadi 83, valvu zikawekewa springi za kawaida badala ya mfumo wa desmo unaofunga valvu kwa mikono ya chuma, na ukaguzi wa valvu ukasogezwa kutoka kilomita 24,000 hadi 60,000.

Hata hivyo asili haifutiki yote. V4 hiyo hutoa torki (nguvu ya kuzungusha) yake kubwa, Nm 125, kwenye mizunguko 8,750. BMW R1250GS, ambayo haina asili ya mbio, hutoa Nm 143 kwenye 6,250. Anayepanda mawe ya barabara ya Maralal, Baragoi na South Horr hukaa kati ya mizunguko 2,000 na 4,000 karibu siku nzima.

Halafu kuna kimo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho: hosipawa 160 za kwenye karatasi huwa 135 hivi. Mizunguko ikiwa juu hutahisi pengo. Utalihisi mizunguko ikiwa chini, ambako torki ilikuwa kidogo tangu mwanzo.

Gia ya kwanza ndiyo huwaumiza wengi. Chukua pikipiki ya mbio inayofika kilomita 140 kwa saa kwenye gia ya kwanza kwa mizunguko 14,000. Hiyo ni kilomita 10 kwa kila mizunguko 1,000, kwa hiyo hata ukiachilia resi kabisa, injini ikizunguka 1,200 tu, inataka kwenda kilomita 12 kwa saa. Kwenye mawe makubwa unahitaji 6. Tofauti hiyo huibeba klachi, ikiteleza na kuchemka. Dalili ni hizi: oili inanuka kuungua, na ukifungua resi kwenye gia ya tatu mizunguko inapanda huku kasi ikibaki palepale. Zima, iache ipoe nusu saa, kisha kagua uchezaji wa kishikio. Kwa klachi ya waya, acha milimita 2 hadi 3 kwenye shina lake. Usipokuwepo uchezaji wowote, sahani hazibanani sawasawa na zitaendelea kuungua hata baada ya kupoa. Tumia oili yenye alama ya JASO MA2, yaani iliyotengenezwa kwa pikipiki ambazo klachi yake inaoga oili ya injini. Oili ya gari iliyotiwa viungo vya kupunguza msuguano huifanya klachi hiyo iteleze hata ikiwa mpya.

Tiba rahisi ni sproketi. Ukitoa ya mbele yenye meno 17 na kuweka ya 16, kasi ya kila gia inapungua kwa karibu asilimia 6, na kwenye lami injini itazunguka zaidi kwa kiasi hicho. Kaza cheni upya, na ujue kwamba kama kihisio cha kasi kiko kwenye gia boksi, mita itasoma zaidi ya mwendo wako halisi.

Petroli nayo inahesabika. Multistrada V4 ina mgandamizo wa 14:1, Honda Africa Twin ya 1100 ya 2020 ilikuwa na 10.1:1. Petroli ya mtungi isiyojulikana ilikotoka inaweza kuifanya ya kwanza igonge, yaani petroli ijiwashe yenyewe ndani ya silinda, pale ambapo ya pili inapita bila shida. Ukisikia mlio wa kugonga kama wa changarawe kwenye chuma unapopanda mlima, shuka gia na upunguze resi mara moja.

Kwa hiyo kama safari zako ni Mombasa, Kisumu, au Moyale ambako lami imefika, nunua hiyo yenye damu ya mbio na uifurahie. Kama ni Loiyangalani kupitia Baragoi, chagua injini ya silinda mbili yenye hosipawa 70 hadi 100. Ukienda na ya mbio hata hivyo, funga bamba la alumini la milimita 4 chini ya injini, hakikisha feni ya radieta inawaka kabla hujaondoka Nairobi, na beba filta ya hewa ya ziada. Jaribu kuibadilisha nyumbani kwanza: kwenye pikipiki nyingi za aina hii imejificha chini ya tangi, na hutaki kulifungua kwa mara ya kwanza katikati ya vumbi la South Horr.